Mama aliandikishwa pesa za wazee na hajapokea: Katiba inamfaaje?

*"Mamangu ana miaka 74, tunakaa Kisauni. Mwaka juzi aliandikishwa pesa za wazee kwenye baraza la chifu. Walichukua nakala ya kipande (kitambulisho) chake na nambari ya simu. Mpaka leo hajaona hata shilingi, na jirani yetu aliyeandikwa siku ile ile anapokea. Nikienda kwa chifu naambiwa nisubiri, serikali haina pesa. Binamu yangu aliye chuo kikuu asema Katiba imeandika kwamba hifadhi ya jamii ni haki ya kila mtu, kwa hiyo tuishtaki serikali. Kuna kijana mtaani naye adai nikimpa 1,500 jina litatokea. Mama hana pensheni. Marehemu baba alikuwa kibarua bandarini. Nimechoka kuomba. Tufanye nini?"*

Dadangu, nianze na huyo kijana wa 1,500, maana yeye ndiye atakayebisha hodi tena kesho. Usimpe. Orodha ya Inua Jamii, ule mpango wa serikali unaotoa hizo pesa za wazee, haitungwi mtaani. Inatoka kwenye sajili ya taifa iliyo chini ya idara ya serikali kuu inayoshughulikia hifadhi ya jamii na wazee, na hakuna mtu wa kijiweni anayeweza kuifungua. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtia hatiani mtoaji sawasawa na mpokeaji, kwa hiyo ukishampa umejiziba mdomo: huwezi kwenda kulalamika bila kujitaja. Baya zaidi, watu wa aina yake huomba pia kipande na laini ya mama "ili waingize jina". Akivipata, siku pesa zikija hutajua zimeishia wapi.

Binamu yako naye amesoma vizuri, ila ameishia katikati ya ukurasa. Ibara ya 43(1) ya Katiba ya 2010 inataja afya, makazi na usafi, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu kuwa haki za kila mtu. Hilo ni kweli. Lakini hifadhi ya jamii ni jina pana: ndani yake mna NSSF ya wafanyakazi, mna bima ya afya, mna pensheni, na mna ruzuku kama hii ya wazee. Mtu kuwa na haki ya hifadhi ya jamii si sawa na mtu kudai alipwe fedha taslimu kila mwezi. Kinachomgusa mama hasa ni Ibara ya 43(3), ambayo wengi huiruka: Serikali inatakiwa kuwapa hifadhi inayofaa wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Ongeza Ibara ya 57, inayowapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na kwa Serikali. Katiba inamhesabu mzee kuwa ni aliyepita miaka 60, kwa hiyo mama amo ndani bila ubishi. Liangalie lakini hilo neno "familia". Wakili wa serikali akisimama mahakamani, atalitaja mapema sana.

Sasa tuje kwenye ile "subiri" ya chifu. Haikutoka hewani. Ibara ya 21(2) inasema haki za Ibara ya 43 zitatimizwa hatua kwa hatua, kupitia sheria, sera na viwango ambavyo Serikali inapaswa kuviweka. Hapo ndipo kila ofisi inapojifichia. Ila hatua kwa hatua si ruhusa ya kukaa kitako. Ibara ya 20(5) inaeleza mahakama ifanye nini Serikali ikidai haina fedha: ni juu ya Serikali yenyewe kuonyesha kwamba fedha hazipo, si juu ya mama yako kuonyesha kwamba zipo, na katika kugawa kilichopo, lazima itangulize njia itakayowafikia watu wengi iwezekanavyo, ikiwaangalia walio dhaifu. Kauli ya "serikali haina pesa" inayotolewa kwenye benchi la ofisi ya chifu, bila karatasi wala takwimu, haijatimiza sharti hilo hata kidogo. Hata hivyo ibara hiyo hiyo ina upande wa pili ambao binamu yako hatakwambia: mahakama haitabatilisha mgao wa fedha kwa sababu tu jaji angegawa kwa namna nyingine.

Kenya iko mbele kwa hili kuliko majirani wengi. Katiba ya Tanzania ya 1977 nayo, katika Ibara ya 11, inazungumzia kazi, elimu na msaada kwa watu wakati wa uzee na maradhi, lakini Ibara ya 7(2) inasema sehemu hiyo haiwezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Kwetu inaweza. Na bado, jambo la kuchekesha kidogo, Zanzibar ilianza kuwalipa Pensheni Jamii wazee wote waliofika miaka 70 mnamo Aprili 2016, shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, kwa uamuzi wa kisera tu. Kenya ilifuata 2018 kwa kuwafungulia Inua Jamii wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni. Katiba hufungua mlango wa kudai. Mlipaji ni bajeti na sajili. Kwa hiyo swali la maana kwako si kama mama ana haki. Swali ni jina lake limekwama wapi.

Kabla ya hapo, neno moja juu ya kushtaki. Mahakama zetu hazikuziogopa haki hizi. Tarehe 11 Januari 2021, katika kesi ya Mitu-Bell iliyohusu watu waliobomolewa nyumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba jaji anaweza kutoa amri na kuendelea kuusimamia utekelezaji wake, jambo ambalo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imelikataa. Lakini mwaka 2013 Mahakama Kuu ilitupa ombi la mzee mmoja mgonjwa wa kisukari aliyetaka Serikali igharimie matibabu na mahitaji yake. Hakuambiwa kwamba haki hizo hazipo. Ombi lilianguka kwa sababu hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa sera gani imekosekana au imevunjwa, na vipi. Ukienda leo mahakamani na Ibara ya 43 mkono mmoja na umri wa mama mkono wa pili, nawe utaanguka hapo hapo. Huna karatasi.

Karatasi zinapatikana kwa Ibara mbili ambazo hazina umaarufu: ya 35, inayompa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa Serikali, na ya 47, inayotaka uamuzi wa ofisi uwe wa haraka, wa halali, wa busara na wa haki, na anayeumizwa nao apewe sababu kwa maandishi. Hizi hazitimizwi hatua kwa hatua. Hazingoji bajeti. Ofisi inaweza kukosa 2,000 za kumlipa mama, haiwezi kukosa karatasi ya kumweleza kwa nini hajalipwa. Mimi ningeziweka hizi mbele na kuiacha ya 43 nyuma kama mzigo wa akiba.

Uelewe kwanza jinsi jina linavyosafiri. Kuandikishwa kwenye baraza ni hatua ya mwanzo tu. Taarifa zinaingizwa kwenye mtambo, kisha zinalinganishwa na kumbukumbu za taifa za usajili wa watu: jina, nambari ya kipande, mwaka wa kuzaliwa. Zikipatana, jina linangoja nafasi, kwa kuwa kila awamu ya upanuzi ina idadi yake kulingana na fedha zilizopitishwa. Likipata nafasi ndipo linaingia kwenye orodha ya malipo, na mwisho linaunganishwa na akaunti au laini ya simu. Mtu anaweza kukwama katika yoyote ya hatua hizi, na kwa nje zote zinafanana: hakuna pesa. Jirani yenu huenda alivuka kwa sababu herufi za jina lake zilipatana, wala si kwa kujuana na mtu. Au kweli kulikuwa na kujuana. Sababu za maandishi ndizo zitakazoonyesha.

Huku Pwani, kinachokwamisha mara nyingi ni herufi na miaka. Mwanaisha kwenye fomu, Mwanaesha kwenye kipande. Fatuma na Fatma. Jina la baba limetangulia kwenye moja na kufuata kwenye nyingine. Wazee wengi walipochukua vipande walikadiriwa miaka, kwa hiyo mtu wa 74 anaweza kuonekana wa 68, na mtambo hauulizi alizaliwa mwaka wa mafuriko gani, unasoma kilichoandikwa. Toa kipande cha mama leo uangalie mwaka uliomo. Kama unamweka chini ya 70, tatizo lenu haliko kwa chifu. Liko kwenye ofisi ya usajili wa watu, na kulirekebisha kunahitaji ushahidi, kama hati ya zamani ya hospitali, ya shule au ya dini, ama tathmini ya umri ya daktari wa serikali. Hiyo ni safari ndefu na afadhali ianze mapema.

Laini ya simu nayo ina mitego yake. Wazee wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto au mjukuu. Malipo yakipelekwa kwenye simu, jina la laini lisipopatana na la kipande, yanagonga ukuta. Kama ni ya Safaricom, piga *106# kwenye simu ya mama uone laini zilizosajiliwa kwa kipande chake. Kama anayotumia haimo, mpeleke mwenyewe na kipande chake dukani isajiliwe upya kwa jina lake. Na kama vidole vyake vimefutika kwa miaka ya kukuna nazi na kufua, hata alama zikakataa kusomeka, lisemwe hilo kwa maandishi mapema.

Sasa barua. Iandike kwa Kiswahili bila wasiwasi: Ibara ya 7 inakifanya kuwa lugha rasmi, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataja wazi kwamba ombi linaweza kuwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Iwe kwa jina la mama, si lako, na aweke saini au dole gumba. Ielekeze kwa ofisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo ya Kisauni. Kwa kawaida ofisi hizo ziko karibu na naibu kamishna wa kaunti. Mwili wa barua uwe hivi:

"Mimi, (jina kama lilivyo kwenye kipande), kitambulisho nambari …, niliyezaliwa mwaka …, mkazi wa …, niliandikishwa Inua Jamii, kundi la wazee, kwenye baraza la … mwezi wa … mwaka …. Sijapokea malipo yoyote. Sipokei pensheni wala ruzuku nyingine ya Serikali. Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba kuelezwa kwa maandishi: kama jina langu limo kwenye sajili, limefikia hatua gani, vigezo vilivyotumika katika usajili huo, na idadi ya nafasi zilizotengewa lokesheni yetu. Kama kuna uamuzi wa kuniacha nje, naomba sababu zake kwa maandishi kwa mujibu wa Ibara ya 47."

Nimesisitiza vigezo kwa makusudi. Vigezo hubadilika kutoka usajili mmoja hadi mwingine, na mtu wa dirishani anaweza kukwambia "mama ana watoto wanaofanya kazi" au "baba alikuwa bandarini" kana kwamba ni sheria. Mwache aiandike. Kuhusu baba, eleza katika sentensi moja kwamba mama hapokei pensheni ya kila mwezi. Kama familia ililipwa kitu chochote kwa mkupuo alipofariki, kitaje. Afadhali kukisema mwenyewe kuliko kukutwa nacho. Usiulize habari za faili la jirani. Zile ni taarifa zake binafsi, zinalindwa na sheria ya 2019 ya ulinzi wa data, na kuziulizia kunawapa kisingizio cha kukataa barua nzima.

Toa nakala mbili. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, nayo ibaki kwako. Barua isiyo na muhuri ni maneno tu, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa: wanaiacha kwa askari wa mlangoni na kurudi nyumbani. Wakikataa kugonga, itume kwa posta ya rejista na uhifadhi risiti. Ombi lenyewe halilipiwi. Unaweza kudaiwa gharama ya kunakili tu.

Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na inaweza kujiongezea mara moja, si zaidi ya siku 14. Kimya kikipita muda huo, sheria inakihesabu kuwa ni kukataliwa. Hapo una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ambayo watu wanaiita Ombudsman. Ina ofisi Mombasa na hailipishi. Wapelekee nakala yenye muhuri, nakala ya kipande, na nusu ukurasa wa tarehe ulizokwenda na ulichoambiwa. Mara nyingi barua ya Tume peke yake hulitikisa faili lililolala.

Kama jibu litakuwa kwamba jina liko sawa, linangoja nafasi, sitakudanganya: hapo mna hoja dhaifu ya kulazimisha malipo kesho, na hoja nzuri ya kuuliza wapya wanaingizwa kwa mpangilio gani. Kama jina lilikataliwa kwa kosa la taarifa, dai lirekebishwe na uombe uthibitisho. Kama limo kwenye orodha ya malipo na pesa zimekuwa zikitoka, basi kuna mtu anazipokea, na hilo ni jambo jingine kabisa. Kwa aliyekuwa akilipwa au aliyeonyeshwa kuwa analipwa, madai ya malimbikizo yana nguvu. Kwa asiyewahi kuingizwa, malimbikizo ya miaka miwili ni madai membamba sana, msiyawekee matumaini.

Mahakama Kuu ya Mombasa ipo, na mlango wake ni mpana kuliko watu wanavyodhani: Ibara ya 22 inazuia kutoza ada ya kufungulia ombi la haki za msingi, na inaruhusu hata nyaraka zisizo rasmi zikubaliwe. Kuna pia kifungu kitamu katika Sheria ya Uamuzi wa Haki wa Kiutawala ya 2015: ofisi ikishindwa kutoa sababu ilizoombwa, uamuzi wake huchukuliwa kuwa haukuwa na sababu nzuri mpaka ithibitishe vingine. Lakini sheria hiyo hiyo inataka uwe umemaliza kwanza njia za malalamiko zilizopo. Kesi huchukua muda, na mama ana miaka 74. Mkilazimika kwenda, msiende peke yenu. Wazee ishirini wa lokesheni moja walioandikishwa siku moja na kuachwa wanaonyesha mfumo uliokosea. Mzee mmoja anaonyesha bahati mbaya. Binamu yako, badala ya kuandika hati ya mashtaka, na apite nyumba hadi nyumba akusanye tarehe za baraza na nakala za barua zenye mihuri. Hiyo ndiyo kazi ya kisheria inayohitajika sasa.

Na tuseme ukweli kuhusu kiasi chenyewe. Ni 2,000 kwa mwezi, yaani kama shilingi 67 kwa siku, na hakijapanda tangu mpango wa wazee wa miaka 70 uanze. Kwa bei ya unga na mafuta ya leo, hakuna anayeweza kuita hayo maisha ya heshima ya Ibara ya 57. Ni hoja ya kupelekwa bungeni na kwenye vikao vya bajeti, si ya dirisha la ofisa wa Kisauni. Wala usipoteze nauli kwa mwakilishi wadi au gavana kwa jambo hili. Ruzuku hii ni ya serikali kuu. Kaunti ina majukumu yake, kama hospitali na zahanati zake.

Yapo mambo ambayo hayangoji barua. Ukiambiwa kwamba mama tayari "analipwa", nenda kwa ofisa mwenyewe siku hiyo hiyo uombe kuona malipo yalielekezwa wapi, kisha polisi, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ambayo nayo ina ofisi hapa mjini. Kama yeyote aliyeshika daftari amedai chochote ili apitishe jina, ni ofisi hiyo hiyo. Mama akizidiwa ghafla, Ibara ya 43(2) inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na hiyo haina "hatua kwa hatua": mfikisheni kwanza, maswali ya bima na malipo yafuate. Kama kumbukumbu zake zimeanza kupungua au hawezi kutoka kitandani, ulizia utaratibu wa kumwandikisha mtu wa kumpokelea, na awe mmoja, anayejulikana na ndugu wote. Na kabla ya kusaini hati yoyote ya mahakama, kaa ana kwa ana na wakili. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ina ofisi Mombasa kwa wasioweza kulipa, na shirika la kutetea haki za binadamu la MUHURI limezoea mambo ya haki za watu huku Pwani.

Wakati mnangoja, laini ya mama itumike, hata kwa simu moja kwa wiki, maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa na nambari hupewa mtu mwingine. Nambari ya siri aijue yeye na mmoja kati yenu. Barua nayo ipelekwe wiki hii. Kabla ya kuifunga, linganisha jina lake herufi kwa herufi na lililo kwenye kipande.